Difu au ovadraivu? Jinsi ya kuchagua gia itakayopunguza ulaji wa mafuta wa pikapu yako

Pikapu nyingi za zamani zilifungwa difu ya nguvu (difu ni gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu) kwa sababu moja: kiwanda hakikujua utabeba nini. Kilichojulikana ni kwamba siku moja utapakia mchanga hadi springi zilale, usimame katikati ya mlima, kisha utake kuondoka. Basi gari likapewa difu ya 4.10 au 4.56, na giaboksi ambayo gia yake ya juu kabisa ni ya moja kwa moja, yaani 1.00. Gari hilohilo likiwa tupu kwenye barabara kuu, kwa kilomita 100 kwa saa, injini inalia kana kwamba bado inapanda na ule mchanga, na mafuta yanakwenda na kelele hiyo.

Injini hutulizwa kwa njia mbili: kubadilisha difu, au kuongeza ovadraivu, yaani gia ya juu iliyo chini ya 1.00. Nimeshapitia zote mbili, na msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama pikapu yako bado inafanya kazi ya mzigo, tafuta ovadraivu na difu uiache ilivyo. Kama haibebi kitu cha maana na siku zake nyingi ni za safari ndefu, difu ya mwendo, yaani ya namba ndogo, inatosha. Wapo pia wengi wasiohitaji lolote kati ya hayo, na hao ningependa wajijue kabla hawajatoa pesa.

Namba zinavyosomeka

Difu ya 4.10 maana yake propela, ile shafti inayotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ndani mna krauni, gia kubwa yenye meno 41, na pinioni, gia ndogo yenye meno 10. Gawanya, utapata 4.10. Ya 3.55 huwa na meno 39 kwa 11, na ya 3.73 huwa 41 kwa 11. Namba kubwa ni difu ya nguvu, namba ndogo ni difu ya mwendo. Wengi hukosea hapa wakaagiza kinyume, kwa hiyo irudie moyoni kabla hujapiga simu dukani.

Ovadraivu ni gia iliyo chini ya 1.00. Ikiwa 0.70, injini inazunguka mara 0.70 tu kwa kila mzunguko mmoja wa propela. Magurudumu hupokea zao la namba hizo mbili. Gia ya 1.00 na difu ya 3.08 inatoa 3.08; gia ya 0.75 na difu ya 4.10 inatoa 3.08 vilevile. Kwenye barabara kuu magari hayo mawili yana mizunguko sawa.

Sasa yaangalie yanapoondoka. Tuseme gia ya kwanza ya yote mawili ni 3.00. La kwanza lina 3.00 mara 3.08, yaani 9.24. La pili lina 3.00 mara 4.10, yaani 12.30. Gari la kwanza limepoteza robo ya nguvu ya kuondokea, na limepoteza kiasi hichohicho katika kila gia, pamoja na gia ya kurudi nyuma. Sababu yangu ya kupendelea ovadraivu kwa gari la kazi ni hiyo. Mimi niliwahi kufunga 3.08 kwenye pikapu iliyokuwa inavuta tela. Mafuta yalipungua kweli, lakini klachi haikumaliza mwaka, kwa sababu kila kuondoka mlimani ilibidi niiteleze mpaka itoe harufu ya kuungua.

Kwa nini mizunguko michache huokoa mafuta

Pikapu ya tani 2 hivi, kwa kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare bila upepo, inahitaji takribani kilowati 23 kusukuma hewa na kuzungusha matairi. Hiyo ni nguvu ndogo kwa injini ya pikapu. Injini ya petroli inapozunguka haraka huku ikidaiwa kazi ndogo hivyo, kilango chake cha hewa kimefunguka kidogo tu, na pistoni zinahangaika kuvuta hewa kupitia upenyo, kama mtu anayepumua kwa mrija. Kazi hiyo inalipwa kwa mafuta na haikusogezi popote. Pamoja nayo kuna msuguano wa pistoni, beringi na vali, ambao hukua kadiri mizunguko inavyoongezeka.

Ukiipunguzia mizunguko, utabonyeza pedali ya mafuta zaidi kidogo ili kupata kilowati zilezile 23. Kilango kinafunguka zaidi na hewa inapita bila kubanwa. Inashangaza mwanzoni kwamba mguu uko chini zaidi na bado gari linakunywa kidogo, lakini ndivyo ilivyo. Injini ya kawaida ya dizeli haibani hewa namna hiyo, kwa hiyo faida yake hutoka zaidi kwenye msuguano na huwa ndogo kuliko ya petroli. Kwa upande mwingine, dizeli yenye turbo ina nguvu nyingi kwenye mizunguko ya chini, na inavumilia gia ndefu bila kulalamika.

Mpaka upo. Ukishusha mizunguko kupita kiasi, injini inalemewa: inatetemeka, inagonga, na wewe unakanyaga karibu hadi mwisho. Hapo karbureta, au kompyuta ya injini, huongeza petroli kwenye mchanganyiko ili kuokoa injini, na ulichotafuta kinapotea. Unatafuta mahali ambapo injini imetulia na bado ina akiba ya mguu.

Hatua ya kwanza: jua kilomita zako zinakwenda wapi

Kwa wiki mbili, andika kilomita ngapi umeendesha juu ya mwendo wa 80 kwa saa na ngapi chini yake. Kama zaidi ya nusu ni za mjini na njia za vumbi, acha difu yako. Mjini unaishi gia ya pili na ya tatu. Ovadraivu hutaigusa, na difu ya mwendo itakufanya ukae gia moja chini ya uliyoizoea na kuichosha klachi.

Kama wewe ni wa barabara kuu, jiulize kwanza kuhusu mwendo wenyewe. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Ukishuka kutoka 110 hadi 95, hewa inayokuzuia inapungua kwa karibu robo, na hakuna bolti iliyofunguliwa. Angalia pia upepo wa matairi na breki zinazoshika. Sijaona difu iliyofidia breki inayoburura.

Hatua ya pili: jua difu uliyo nayo

Tafuta kibati kidogo chini ya bolti ya mfuniko wa difu, au msimbo kwenye kibati cha mlangoni au ndani ya boneti. Usiviamini kabisa kama gari limepita mikono mingi, kwa sababu difu hubadilishwa na kibati hubaki. Ihesabu mwenyewe.

Paki mahali tambarare. Tia kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, weka gia nyutro, inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki na uliegemeze juu ya stendi, kisha uachie breki ya mkono. Usitegemee jeki peke yake hata kwa dakika moja. Chora alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi lililo hewani mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Kwenye difu ya kawaida, gurudumu moja likiwa limeshikwa chini, lililo hewani huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Kwa hiyo mara 20 za tairi ni mara 10 za krauni. Propela ikizunguka mara 41, difu yako ni 4.10, ikizunguka mara 37 na kidogo, ni 3.73. Kama tairi linakataa kabisa kuzunguka, pengine una difu ya kujifunga. Hapo inua magurudumu yote mawili ya nyuma juu ya stendi, zungusha yakiwa pamoja mara 10, na uhesabu propela.

Hatua ya tatu: pima tairi, kisha piga hesabu

Chora alama ya chaki chini ya tairi na nyingine sakafuni, sukuma gari mpaka alama ya tairi irudi chini, kisha pima umbali kwa futi kamba. Tairi lililobebeshwa gari huwa fupi kidogo kuliko hesabu ya vitabu, ndiyo maana tunalipima likiwa chini ya gari.

Kanuni ni hii:

Mizunguko kwa dakika = mwendo (km/saa) × 16.67 × gia × difu ÷ mzingo wa tairi (mita)

Kwa tairi lenye mzingo wa mita 2.35, kilomita 100 kwa saa, na gia ya 1.00, difu ya 4.10 inatoa mizunguko kama 2,910. Ya 3.73 inatoa 2,645, ya 3.55 inatoa 2,520, na ya 3.08 inatoa 2,185. Ukibaki na 4.10 ukaongeza ovadraivu ya 0.70, unapata 2,035. Ukiunganisha 3.08 na 0.70 unashuka hadi 1,530, na hapo wengi hujuta.

Nguvu ya mzunguko inayodaiwa kwenye injini unaipata hivi: kilowati mara 9,550, gawanya kwa mizunguko. Kilowati 23 kwa mizunguko 2,910 ni kama Nm (newton-mita) 75. Kwa 2,035 ni 108. Kwa 1,530 ni 144. Injini ya V8 ya lita 5.7 hutoa Nm 144 bila kujali, lakini injini ndogo ya petroli ya silinda nne itakuwa inakaribia mwisho wa uwezo wake kwenye mizunguko hiyo, hata kabla upepo wa mbele haujaja.

Malengo yangu mimi kwa mwendo wa safari ni haya: petroli ya silinda nne, kati ya 2,300 na 2,800, petroli kubwa ya silinda sita au nane, 1,700 hadi 2,200, dizeli yenye turbo, 1,700 hadi 2,200. Kama tayari umo ndani ya eneo hilo, umeshafika. Tumia pesa zako kwa matairi mazuri.

Hatua ya nne: ijaribu gia mpya kabla ya kuinunua

Hatua hii haigharimu kitu, na sijui kwa nini haifanywi zaidi. Tafuta mwinuko mrefu na mpole sana, kama mita 2 za kupanda kwa kila mita 100. Uendeshe kwa kilomita 80 kwa saa, gia ya juu. Kwa pikapu ya tani 2, nguvu inayotakiwa hapo ni karibu sawa na ile ya kilomita 100 kwenye tambarare, lakini mizunguko ni pungufu kwa asilimia 20. Yaani difu ya 4.10 inajifanya 3.28 mbele ya macho yako.

Sikiliza. Je, inashika mwendo bila kutetemeka? Ukikanyaga zaidi, inaitika, au inatoa sauti nzito tu? Kama gari ni la karbureta, unganisha geji ya vakyumu kwenye manifoldi na uitazame. Ikianguka karibu na sifuri, injini imelemewa. Rudia ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Injini ikikataa hapo, itakataa pia baada ya kulipia kazi nzima.

Hatua ya tano: chagua njia

Difu ya mwendo haina kifaa kipya cha kuharibika, propela inabaki ileile, na giaboksi haiguswi. Lakini zipo gharama zilizojificha. Kama pikapu ni ya foo wili, difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane, kwa hiyo kazi ni mara mbili. Ukiacha moja, utavunja transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) siku ya kwanza utakapoingiza foo wili kwenye lami. Nyumba ya ndani inayoshika krauni nayo si ya namba zote. Kwenye ekseli ya aina ya Dana 44, nyumba ya 3.73 kushuka chini ni tofauti na ya 3.92 kwenda juu. Kwenye Dana 60, mgawanyiko uko kati ya 4.10 na 4.56. Uliza hilo kabla ya kununua meno. Na kama unavuta tela, soma kitabu cha gari, kwa sababu watengenezaji hupanga uzito unaoruhusiwa kuvutwa kulingana na namba ya difu.

Njia ya haraka ni kutafuta ekseli nzima iliyotumika, ya namba unayotaka, kutoka kwa gari la aina ileile. Imeshasetiwa kiwandani. Zungusha, sikiliza beringi, fungua mfuniko utazame meno.

Ovadraivu inakuja kwa sura mbili. Ya kwanza ni kubadilisha giaboksi nzima. Ford ilileta otomatiki yake ya AOD mwaka 1980, yenye gia ya nne ya 0.67, na General Motors ikaleta 700-R4 mwaka 1982, yenye 0.70. Kwa manyuali ya kazi nzito kuna NV4500, gia ya tano 0.73. Otomatiki inadai uangalifu. Konveta yake, inayokaa mahali pa klachi kati ya injini na giaboksi, iwe na kufuli, na kufuli hiyo ifanye kazi, la sivyo ovadraivu itateleza, itapika oili na kula ulichookoa. Na kwenye 700-R4, kebo inayotoka kwenye karbureta kwenda giaboksi ikisetiwa vibaya, klachi za ndani huungua kwa muda mfupi. Fundi asiyeijua kebo hiyo asiiguse giaboksi yako.

Sura ya pili ni kifaa cha nyongeza kinachofungwa nyuma ya giaboksi uliyo nayo. Gear Vendors hutengeneza cha 0.78. Unakiwasha na kukizima kwa swichi, na gia zako zote za zamani zinabaki. Kwa 4.10 inakupa 3.20 ukiwa mtupu, na 4.10 yako ukiwa na mzigo. Bei yake ni kubwa, propela inakatwa na kusawazishwa upya, na pembe za krosi (viungo vya propela) lazima zipimwe au gari litatetemeka. Kwa pikapu inayobeba wiki nzima na kusafiri tupu mwisho wa wiki, hiki ndicho ningekinunua tena.

Wapo pia wenye gia ya tano tayari na hawaitumii, kwa kuzoea kwamba ya nne ina nguvu. Jaribu kwanza hiyo uliyo nayo.

Kama unaagiza pikapu mpya, swali limebadilika. Otomatiki ya gia 10 iliyotengenezwa na Ford na General Motors kwa ushirikiano ina gia tatu chini ya 1.00, na ya mwisho ni 0.636. Hapo 3.55 na 3.73 zinatofautiana kidogo sana kwenye barabara kuu. Chagua kwa kuangalia tela lako.

Matairi makubwa nayo ni gia. Kutoka 245/75R16 kwenda 265/75R16 kipenyo kinakua kwa karibu asilimia 4, na 4.10 inakuwa kama 3.95. Lakini tairi pana na zito linarudisha sehemu ya faida kwa uzito na upepo, kwa hiyo kama njia ya kuokoa mafuta silipendekezi.

Hatua ya sita: hesabu kwa lita

Gawanya gharama yote, pamoja na ya fundi, oili, beringi na sili, kwa bei ya lita moja. Tuseme inatoka lita 1,000. Kama gari litashuka kutoka lita 14 hadi 13 kwa kilomita 100, na unaendesha kilomita 20,000 kwa mwaka, unaokoa lita 200 kwa mwaka, na inachukua miaka mitano kurudisha. Kama beringi za difu tayari zinalia na ilikuwa lazima ifunguliwe, hesabu inabadilika kabisa, na huo ndio wakati mzuri wa kubadilisha namba.

Hatua ya saba: kufunga na kuzoeza

Kusetiwa kwa krauni na pinioni si kazi ya kubahatisha. Fundi awe na geji ya saa ya kupimia uchezaji wa meno, ambao mara nyingi huwa kati ya milimita 0.15 na 0.25, na apake rangi ya kuangalia meno yanagusana wapi. Akikuambia anasikiliza tu kwa sikio, mshukuru na uondoke.

Meno mapya hupata moto. Safari ya kwanza iwe ya kilomita 25 hadi 30 bila kukimbiza, kisha liache lipoe nusu saa. Rudia mara kadhaa. Usivute tela kwa kilomita 800 za kwanza, kisha mwaga oili na uweke mpya. Utaona unga wa chuma ndani yake. Difu yenye klachi za kuzuia kuteleza inahitaji oili yenye kiongezi chake maalumu.

Hatua ya nane: pima tena, na usahihishe odometa

Wengi hufika hapa wakadhani wamepoteza pesa. Kama spidomita inaendeshwa na mkia wa giaboksi, difu mpya inaidanganya. Ukitoka 4.10 kwenda 3.55, kila kilomita 100 za kweli zinaandikwa kama 86.6, na odometa nayo inapunjwa vivyo hivyo. Gari linalokunywa lita 13 litaonekana linakunywa 15. Spidomita itasema 87 wakati wewe uko 100, na hilo ni hatari mbali na mafuta. Badilisha gia ndogo ya spidomita, au kwa magari ya karibuni, kompyuta ipangwe upya. Mpaka ifanyike, zidisha kilomita za odometa kwa namba ya zamani na ugawanye kwa mpya: 4.10 ÷ 3.55 = 1.155.

Kisha jaza tanki hadi juu, pampu ileile, njia ileile, mwendo uleule uliokuwa ukiendesha kabla ya kazi. Andika lita na kilomita zilizosahihishwa. Fanya hivyo kwa matanki matatu mfululizo, uchukue wastani, na uulinganishe na matanki matatu uliyopima kabla fundi hajashika spana.